Kusahihisha Kumbukumbu za Utumishi Jeshini Marekani: Kuanzia DD 214 hadi Bodi ya Marekebisho

Siku ya kutoka jeshini mtu ana haraka. Mizigo imefungwa, tiketi iko mfukoni, shemeji anapiga honi nje ya geti. Karani anakusogezea karatasi ya DD 214, yaani cheti cha kuachishwa jeshini, anakuonyesha kisanduku cha 21, unatia sahihi, unakwenda zako. Ndivyo nilivyoondoka na karatasi iliyokuwa imebadilishana jina langu la ukoo na la katikati. Sikuona. Niliona miaka minne baadaye, nikiwa nimekaa mbele ya afisa wa mikopo ya nyumba, naye akiniuliza kwa upole huyu aliyeandikwa hapa ni nani.

Karatasi hiyo moja ndiyo inayoangaliwa unapoomba mkopo wa nyumba wa VA (wizara ya wanajeshi wa zamani), ada ya chuo, alama za ziada katika ajira za serikali kuu, hata bendera na jiwe la kaburi siku ya kuzikwa. Kwa sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki na Kongo kuna jambo zito zaidi: uraia. Aliyepewa uraia kwa njia ya utumishi jeshini anaweza kunyang'anywa ikiwa aliachishwa kwa namna isiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Kwa mtu wa namna hiyo, tarehe moja iliyokosewa au neno moja kwenye kisanduku cha 24, kinachotaja aina ya kuachishwa, si jambo la kupuuza.

Tuliingia kwa milango tofauti. Wapo walioingia wakiwa na green card, wapo walioingia kwa mpango wa MAVNI, ulioandikisha watu kuanzia 2009 hadi 2016 kwa sababu ya lugha zao, Kiswahili kikiwa mojawapo, na wapo waliofika kama wakimbizi kutoka kambi za Tanzania, Uganda na Burundi. Makosa yaliyomo kwenye karatasi zetu yanafanana ajabu: majina, tarehe za kuzaliwa, na muda wa utumishi.

Hatua ya 1: Ita faili lote

Usianze kuandika malalamiko ukiwa na nakala iliyokunjwa kwenye droo. Kwanza hakikisha unayo nakala sahihi. DD 214 hutolewa katika nakala kadhaa, na mbili ndizo zinazomfikia askari: Member 1, ambayo ni fupi, na Member 4, ambayo ndiyo kamili. Ile fupi haina sehemu ya chini inayoeleza aina ya kuachishwa, sababu yake na alama ya kuruhusiwa kurudi jeshini. Ukiipeleka Member 1 ofisini utarudishwa.

Kisha omba faili zima la utumishi, si DD 214 peke yake. Waliotoka miaka ya karibuni faili zao ni za kielektroniki na hupatikana kupitia tovuti ya milConnect. Njia nyingine ni kuomba Hifadhi ya Taifa ya Marekani kwa mfumo wake wa intaneti uitwao eVetRecs, au kujaza fomu ya SF 180 na kuituma kwa posta katika kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri. Mhusika mwenyewe, au ndugu wa karibu wa marehemu, halipi chochote kwa kumbukumbu za kawaida. Aliyerudi kuishi Nairobi, Mwanza au Bukavu anaweza kuomba kutoka huko huko.

Ikiwa unamsaidia mzee, tuseme baba mkwe Mmarekani aliyetumikia zamani, ujue kwamba tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza kituo hicho cha St. Louis. Kiasi cha asilimia 80 ya faili za Jeshi la Nchi Kavu za walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 ziliteketea, pamoja na sehemu kubwa ya faili za Jeshi la Anga. Kwa mzee wa namna hiyo kuna fomu ya NA 13055, ya kusaidia kuunda upya kumbukumbu kutoka vyanzo vingine. Mradi jibu la kwanza lisiwavunje moyo.

Hatua ya 2: Soma kisanduku kwa kisanduku

Keti na kalamu nyekundu na uache simu chumba kingine. Visanduku vinavyotuumiza sisi ni hivi.

Cha 1 na cha 5 ni jina na tarehe ya kuzaliwa. Jeshi huandika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwetu tarehe 5 Agosti huandikwa 5/8. Mmarekani akiisoma anaona Mei 8. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja aliyezaliwa upya kwa namna hii mezani kwa karani. Kwenye jina, angalia kama la katikati limepotea, kama mawili yameunganishwa, au kama ukoo umehama. Waliofika na viza yenye herufi FNU mahali pa jina la kwanza, kwa sababu pasipoti yao ilikuwa na jina moja tu, watazame kwa makini zaidi.

Cha 4a na 4b ni cheo, na 12i ni tarehe uliyokipata. Wengi hupandishwa cheo wiki chache kabla ya kutoka na karatasi inabaki na cheo cha zamani.

Cha 12 kinataka kikokotoo. 12a ni siku ya kuingia, 12b ni siku ya kutoka, 12c ni jumla ya muda huo, 12d ni utumishi kamili wa kabla ya hapo, 12f ni muda wa nje ya nchi. Piga hesabu mwenyewe. Katika ada ya chuo ya Post-9/11 GI Bill, miezi 36 ya utumishi inakupa asilimia 100. Iliyo pungufu ya hapo, lakini isiyopungua 30, inakupa asilimia 90. Kwa hiyo kosa la miezi miwili katika 12b linaweza kukugharimu sehemu ya ada kila muhula.

Cha 13 ni nishani, cha 14 mafunzo. Cha 18 ni maelezo, na ndimo zinamoandikwa tarehe za kupelekwa Afghanistan, Iraq, Kuwait au kwingineko, pamoja na maneno ya kuthibitisha kwamba ulimaliza muda wako wa kwanza kamili. Watu hukiruka kisanduku hiki kwa sababu kimejaa maandishi madogo. Usikiruke: ukija kudai VA maradhi uliyoyapata vitani, hapo ndipo wataanzia.

Cha 24, 26, 27 na 28 vinahusu namna ulivyoachishwa. Cha 29 ni siku zilizohesabiwa kuwa zimepotea. Hakikisha hazimo siku ulizokuwa likizo halali au hospitalini.

Hatua ya 3: Jiulize kama ni kosa au ni badiliko

Hapa ndipo maombi mengi ya watu wetu yanapofia, na ningependa ukae hapa kidogo.

DD 214 inachukuliwa kuwa picha ya mambo yalivyokuwa siku uliyotoka. Wanaokagua ombi lako hawaulizi jina lako ni nani leo. Wanauliza: siku ile karatasi ilipoandikwa, ilisema uongo? Ikiwa uliingia jeshini kwa jina moja, ukatumikia nalo, ukatoka nalo, kisha ukaolewa, au ukalibadilisha mbele ya hakimu siku ya kuapa uraia, DD 214 haikukosea. Maisha yako ndiyo yaliyobadilika. Ombi la kubadilisha jina la namna hiyo mara nyingi hukataliwa, na dawa yake ni nyepesi kuliko ombi lenyewe: beba amri ya mahakama au cheti cha ndoa pamoja na DD 214 kila uendako.

Tarehe ya kuzaliwa ina mtego wake. Ndugu zetu wengi waliopitia kambini waliandikwa Januari 1, kwa sababu hakuna aliyekuwa na cheti na mwandikishaji alihitaji kujaza nafasi. Green card ikafuata Januari 1, mkataba wa jeshi ukafuata, DD 214 ikafuata. Sasa mama amepata kadi ya kliniki huko Uvira na siku ya kweli imejulikana. Mbele ya jeshi, karatasi ilinakili sawasawa kile ulichokileta. Anza kusahihisha kwenye kumbukumbu za uhamiaji na za Social Security. Ukishakuwa na karatasi mpya kutoka huko, unaweza kwenda kwenye bodi ya marekebisho (Hatua ya 6) kuomba, ukijua kwamba ni ombi gumu. Na ushahidi wa zamani hubeba uzito kuliko mpya. Kadi ya kliniki iliyochakaa au cheti cha ubatizo cha utotoni kinasema zaidi ya cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mwaka jana.

Kosa la kweli ni hili: mkataba wa kuingia unasema Agosti 5, pasipoti inasema Agosti 5, halafu DD 214 inasema Mei 8. Hilo linarekebishika, na kwa kawaida bila bodi.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi za siku zile

Chukulia kwamba anayesoma ombi lako hakujui, hatakuona, na anaanza na imani kwamba jeshi liliandika sawasawa. Ni kazi yako kumwonyesha vinginevyo. Karatasi zinazomgeuza ni zile ambazo jeshi lenyewe lilizitoa wakati ule ule:

– mkataba wa kuandikishwa, DD 4, pamoja na fomu ya usajili DD 1966, kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na siku ya kuingia;
– amri za kuhamishwa, kupelekwa vitani, kupandishwa cheo na kuondoka;
– hati za mshahara za kila mwezi, ziitwazo LES, ambazo zinaonyesha cheo, malipo ya eneo la hatari na kama ulikuwa bado kazini;
– vyeti vya nishani na, kwa Jeshi la Nchi Kavu, fomu ya DA 638 iliyopendekeza nishani hiyo;
– fomu za madai ya safari, DD 1351-2, ambazo zimewaokoa wengi walioshindwa kuthibitisha kwamba walifika Kuwait.

Zikikosekana, barua za wenzako wa kikosi husaidia. Barua nzuri hutaja mwandishi alikuwa na cheo gani, mlikuwa wapi pamoja, kuanzia lini hadi lini, na aliona nini kwa macho yake. Amalizie kwa kutamka kwamba anasema kweli akijua adhabu ya kusema uongo. Barua ya kukusifu kwamba wewe ni mtu mwema, mwimbaji wa kwaya, haisaidii kwenye tarehe.

Cheti cha Kifaransa kutoka Kongo au chochote cha Kiswahili kiambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko la mtafsiri kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili. Tuma nakala tu. Za asili zibaki kwako.

Hatua ya 5: Jaribu njia fupi kwanza

Kosa la uandishi lenye ushahidi ndani ya faili lako halihitaji bodi. Andika barua fupi kwa kitengo cha kumbukumbu cha jeshi lako, ambatisha DD 214 na karatasi mbili tatu zinazothibitisha, uombe DD 215. Hiyo ni karatasi ya marekebisho. Mara nyingi hawakuandikii DD 214 mpya. DD 215 inataja kisanduku kilichokosewa na maneno sahihi, na kuanzia hapo karatasi hizo mbili husomwa pamoja.

Jeshi la Nchi Kavu linashughulikia hayo Fort Knox, Kentucky. Jeshi la Majini ni Millington, Tennessee. Jeshi la Anga ni kambi ya Randolph, San Antonio, Texas. Marine Corps ni Quantico, Virginia. Aliyetumikia National Guard ana karatasi tofauti, NGB 22, na marekebisho yake huitwa NGB 22A. Aanze na makao makuu ya Guard ya jimbo lake.

Kosa moja, mstari mmoja. Ukiwa na makosa matatu, yapange 1, 2, 3, kila moja na kiambatisho chake chenye herufi. Yangu yalikwisha hapa. Nilituma mkataba wa DD 4, pasipoti niliyoingia nayo na hati moja ya mshahara, basi.

Hatua ya 6: Njia ndefu, fomu ya DD 149

Kitengo kikikataa, au jambo lenyewe likiwa zaidi ya kosa la kalamu, unakwenda kwenye bodi ya marekebisho ya kumbukumbu. Jeshi la Nchi Kavu lina yake, Jeshi la Anga lina yake, Jeshi la Majini na Marine Corps wanatumia moja, na Walinzi wa Pwani wana yao. Wajumbe ni raia wanaofanya kazi katika wizara, si makamanda wako wa zamani. Fomu ni DD 149, haina ada, na wakili si lazima. Barua ya kukataliwa na kitengo iweke ndani, maana bodi itataka kuona kwamba ulipitia njia za chini kwanza.

Sheria inatoa miaka 3 tangu ulipogundua kosa. Tangu ulipogundua, siyo tangu ulipotoka. Fomu inauliza tarehe hiyo, basi iandike kwa ukweli. Kama muda umepita, eleza sababu kwa sentensi chache. Bodi ina mamlaka ya kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Usikae nyumbani kwa sababu mtu barazani amekuambia umechelewa.

Maombi yetu hurefuka kama hotuba ya harusi. Andika hivi, kwa Kiingereza bila shaka:

“Kisanduku 12b kinasema nilitoka tarehe 14 Machi 2015. Tarehe sahihi ni 14 Mei 2015. Kisanduku 12a kinaonyesha sawasawa kwamba niliingia tarehe 15 Mei 2012. Ninaomba 12b isahihishwe, na 12c isomeke miaka 3. Ushahidi: amri ya kuondoka (kiambatisho A), hati za mshahara za Machi, Aprili na Mei 2015 (kiambatisho B).”

Msomaji anajua unataka nini, kwa nini, na afungue ukurasa gani. Kama kuna manung'uniko juu ya sajini aliyekuonea, na yanahusu ombi lako, yape aya yake yenye tarehe na majina ya mashahidi. Kama hayahusu, mpigie rafiki yako umsimulie yeye.

Kabla hujatuma, pitia maamuzi ya zamani. Bodi hizi huyaweka kwenye intaneti yakiwa yamefutwa majina. Tafuta kesi mbili tatu zinazofanana na yako usome kwa nini moja ilikubaliwa na nyingine ikakataliwa. Jioni moja ya kusoma hayo itakufundisha kuliko mwongozo huu.

Baada ya kutuma, bodi inaweza kuomba maoni ya kitaalamu kutoka ofisi nyingine ya jeshi. Utatumiwa nakala na kupewa muda wa kujibu, kwa kawaida siku 30. Jibu. Watu huiona bahasha, wanadhani ni hukumu, wanaiweka chini ya Biblia au juu ya friji hadi muda unapita. Ukihama nyumba, waandikie bodi anwani mpya siku hiyo hiyo. Kisheria maombi mengi yanatakiwa kuamuliwa ndani ya miezi 10, na hakuna linalotakiwa kuvuka 18. Kwa hiyo subira unayo muda mrefu wa kuifanyia mazoezi.

Mjane, mgane au mrithi wa marehemu anaweza kuomba pia, akiambatanisha cheti cha kifo na uthibitisho wa uhusiano.

Hatua ya 7: Ukitaka kubadilisha aina ya kuachishwa

Hili lina fomu yake, DD 293, na bodi yake ya kupitia uachishwaji, mradi hujavuka miaka 15 tangu ulipotoka na hukuachishwa kwa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Ukivuka miaka hiyo, unarudi kwenye DD 149. Kwa DD 293 unaruhusiwa kuomba kusikilizwa wewe mwenyewe, na mimi ningeomba. Walioachishwa kuanzia tarehe 20 Desemba 2019 wana ngazi moja zaidi ya rufaa, iitwayo DARB, baada ya bodi zote mbili.

Jambo linalopaswa kujulikana zaidi katika jamii yetu: tangu 2014, Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel alipotoa agizo lake, bodi zinatakiwa kuwatazama kwa huruma pana walioharibikiwa kwa sababu ya msongo wa baada ya vita. Mwaka 2017 maelekezo yalipanuliwa wazi kwa majeraha ya ubongo, maradhi mengine ya akili na waliodhulumiwa kingono. Kwetu mtu huona aibu kusema alikuwa halali usiku, alikuwa anakunywa, alimgombeza kamanda bila kujua kwa nini. Akaachishwa kama mtovu wa nidhamu na akanyamaza. Ndugu, hayo ndiyo bodi inataka kuyasikia, pamoja na maelezo ya daktari na barua ya mke au rafiki aliyeona ulivyokuwa kabla na ulivyorudi.

Kwa kesi za aina hii usiende peke yako. Ofisa wa wanajeshi wa zamani katika kaunti yako, na vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV, VFW na American Legion, husaidia bure, na vyuo vingi vya sheria vina kliniki. Mbunge wako wa Congress pia anaweza kuulizia ombi limekwama wapi ukisaini fomu ya kuruhusu ofisi yake ione habari zako. Anayekuomba dola mia kadhaa kwenye kundi la WhatsApp akikuahidi ushindi, mpite. Na picha ya DD 214 usiibandike kwenye kundi hilo, hata kwa kuomba ushauri. Ina namba yako ya Social Security.

Hatua ya 8: Jibu likija

Ukikubaliwa, utapata DD 215 au DD 214 mpya, na kama kulikuwa na mshahara uliopunjwa, faili hupelekwa DFAS, ofisi ya malipo ya jeshi. Usingoje VA, chuo au mwajiri wajue wenyewe, wapelekee nakala. Aliye katikati ya ombi la uraia aipeleke kwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, pia.

Ukikataliwa, soma sababu, kwa kuwa huandikwa. Ukipata karatasi ambayo bodi haikuiona mwanzoni, unaweza kuomba wakupitie tena. Aliyekataliwa kwa DD 293 anaweza kwenda na DD 149. Baada ya hapo ni mahakama ya serikali kuu, ambako ukomo kwa kawaida ni miaka 6, na huko utahitaji wakili.

Karatasi yangu ya DD 215 nimeibana kwa pini nyuma ya DD 214, na popote ninapoitwa natoa zote mbili kwa pamoja. Siku moja nilitoa ya kwanza peke yake kwa mazoea, na yule dada wa dirishani akaanza kuniuliza upya huyu aliyeandikwa hapa ni nani.